Gothic 3 au Oblivion: uanze na ipi?
Zote mbili ni gemu za kompyuta za kuigiza mhusika (RPG) zilizotoka 2006, na tofauti kubwa iko kwa maadui. Oblivion huwapandishia nguvu kadiri unavyopanda ngazi, hadi jambazi wa barabarani anakudai dhahabu 100 huku amevaa deraya ya kioo inayozidi thamani hiyo mara nyingi. Utamu wa kukua unapotea. Gothic 3 kwa sehemu kubwa haifanyi hivyo: ukiingia Nordmar, eneo la theluji la kaskazini, mapema, unakufa, na umejitakia. Miji iliyotekwa na maorki, viumbe adui wa binadamu, nayo unaikomboa mmoja mmoja, kwa mpangilio wako.

Ila Gothic 3 ilitoka mbichi. Nguruwe mwitu mmoja aliweza kukuua, kwa sababu kila pigo lake hukatiza lako kabla halijafika. Dawa: kabla ya kuanza, weka kiraka cha mashabiki (faili la kurekebisha kasoro za gemu), toleo 1.75, kisha kwenye mipangilio chagua akili mbadala ya maadui (Alternative AI) na mizani mbadala ya nguvu (Alternative Balancing). Hifadhi mchezo katika nafasi tofauti.

Asiyetaka kuhangaika na viraka achukue Oblivion, avumilie kusubiri gemu ipakie kwenye malango ya miji, na apunguze ugumu maadui wakigoma kufa. Mwenye subira aanze na Gothic 3.