Matembezi ya Mto Kiwira: Daraja la Mungu, Kijungu na waongozaji wake

Matembezi ya Mto Kiwira, wilayani Rungwe, huuzwa Mbeya mjini kama safari ya siku moja ya kuona Daraja la Mungu na Kijungu. Kwa sehemu kubwa yanastahili fedha anayotoa mgeni, ingawa kwa maoni yangu thamani yake haiko katika gari la kukodi wala katika maelezo ya wakala, bali kwa kijana wa kijijini anayekutangulia kando ya maji. Ninawaandikia hasa wenzetu wa Mbeya, Iringa na Njombe, ambao tukitaja utalii huishia kuzungumzia hifadhi za Ruaha na Kitulo.

Kufika si kazi ngumu. Barabara ya lami itokayo Uyole kuelekea Tukuyu na Kyela hupanda katikati ya mashamba ya viazi ya Uporoto, kisha huteremka kwenye migomba na chai, na asiye na gari anaweza kushuka Kiwira na kumalizia kwa bodaboda.

Daraja la Mungu ni tao la mwamba lililovuka mto bila mkono wa binadamu, na maelezo ya kawaida ni kwamba lava ya volkano ilipoa na kuganda juu ya mkondo wa maji. Linapendeza, lakini mtu hulimaliza haraka: hutazama, hupiga picha, huondoka.

Kijungu ndiko kunakodai muda. Hapo, katika eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, mto uliokuwa ukitanuka juu ya mawe meusi hubanwa ghafla, ukaingia katika shimo la mwamba lenye umbo la chungu, ukazunguka kwa kishindo na kupotea chini ya jiwe kabla ya kuibukia upande wa pili. Mwongozaji wetu, aliyevaa mabuti ya mpira na kushika fimbo, alisimama kati ya kundi na ukingo muda wote, akikagua kila jiwe kwa ncha ya fimbo kabla ya kuruhusu mtu kulikanyaga. Mama mmoja wa makamo alipotaka kusogea zaidi, alimwambia kwa upole, "Mama, weka mguu hapa palipokauka, hapo penye kijani patakuangusha." Alitueleza pia kwamba mvua ikinyesha mlimani maji hupanda huku chini hata kama jua linawaka, jambo ambalo mgeni hawezi kulijua kwa kutazama mbingu iliyo juu yake. Kwa huduma hiyo peke yake ningemlipa tena.

Njiani alizungumza kama mtu wa hapo, wala hakukariri. Alisimulia habari za kipunji, nyani wa msitu wa Mlima Rungwe ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla ya hapo, na hakutudanganya kwamba tungemwona kando ya mto. Tulipomuuliza kuhusu mashamba yaliyosogea karibu na maji, hakukwepa swali: alikiri kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto ziachwe bila kulimwa, akaongeza kwamba kwa familia iliyorithi kipande chembamba cha ardhi mita hizo ndizo shamba lenyewe. Jibu hilo halimalizi tatizo, hasa kwa watu wa Kyela wanaoyapokea maji hayo kabla hayajaingia Ziwa Nyasa, lakini ni jibu la kweli.

Lawama yangu ni kwa wakala wa mjini, ambaye sitamtaja. Alituhakikishia kwamba malipo yote yamo ndani ya bei yake, kumbe ujira wa mwongozaji haukuwamo, na kijana huyo akabaki akidai haki yake mbele ya wageni waliodhani wamekwisha kulipa. Ni aibu isiyo ya lazima, na inamwangukia asiyehusika. Chupa za plastiki zilizonasa kwenye mawe nazo si za wanakijiji. Ni zetu sisi wageni.

Chakula tulikipata kwa mama lishe wa Kiwira: mbalaga, yaani ndizi za kupikwa, yenye nyama, ya moto na ya kushibisha, iliyotushinda kumaliza.

Wakati mzuri wa kwenda ni kati ya Juni na Oktoba, kwa kuwa Rungwe hupata mvua nyingi mno na kuna miteremko ya mlima inayofikia milimita 3,000 kwa mwaka. Mgeni abebe fedha taslimu, akubaliane na mwongozaji kabla ya kuanza kutembea na amkabidhi malipo mkononi. Anayefuatana na watoto wadogo aishie Daraja la Mungu.