Nyero au Sipi kwa Mpenda Vipepeo na Maua
Kwa anayetaka matembezi mafupi, miamba ya Nyero wilayani Kumi, mashariki mwa Uganda, yenye michoro ya kale ya miduara myekundu, inatosha: baada ya mvua maua ya porini huchanua kati ya mawe, na asubuhi, jiwe linapoanza kushika joto, vipepeo hutua juu yake wakiwa wamekunjua mbawa ili waote jua. Miteremko ya Sipi kwenye Mlima Elgon, volkano iliyozimika yenye kilele cha mita 4,321, ina utelezi na inachosha (viatu vya mjini viachwe nyumbani), lakini mimi ningeichagua, kwa kuwa kwenye tope vipepeo hukusanyika kufyonza chumvichumvi, wakitulia kiasi cha mtu kuhesabu madoa ya mbawa zao.