Darasa la Kiingereza la watu wazima hapa Louisville: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Nilifika Louisville, jimbo la Kentucky, mwezi Agosti 2016, nikitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, ambako familia yetu, watu wa Uvira huko Kongo, iliishi miaka kumi na minane. Mwaka ule Wakongo ndio tuliokuwa wengi kuliko wakimbizi wa taifa lolote jingine waliopokelewa Marekani, na katika nyumba za kupanga za kusini mwa jiji hili mtu aliweza kupita mlango hadi mlango akisalimia kwa Kiswahili na kuitikiwa. Jambo hilo lilitupa faraja kubwa, lakini pia lilituchelewesha wengi kujifunza Kiingereza, kwa sababu dukani alikuwapo mtoto wa kututafsiria, kanisani tuliabudu kwa lugha yetu, na kiwandani tulipangwa pamoja.

Karibu kila mwezi ndugu waliofika karibuni huniuliza wasome wapi na watumie nini. Mimi nimesoma miaka mitatu katika darasa la bure la watu wazima, nimetumia tovuti ya USA Learns, nimehudhuria klabu ya mazungumzo maktabani, na kabla ya hayo yote nilihangaika na programu ya simu. Jibu langu ni kwamba mtu aanze na darasa lenye mwalimu aliyesimama mbele yake, hata likiwa la mara mbili tu kwa wiki, na hayo mengine yaje baadaye kulisaidia darasa.

Nasema hivyo kwa sababu mimi nilianza kinyume. Miezi sita ya kwanza nilifanya kazi ya zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama, nikaona sina nafasi ya kukaa darasani, basi nikaweka programu kwenye simu na kuifungua kila siku wakati wa mapumziko. Nilijifunza majina ya matunda na ya wanyama, na sentensi za watu wanaokunywa maziwa na kusoma magazeti. Simu ilinipongeza kila siku. Lakini msimamizi alipokuja kunieleza kwamba nimehamishiwa meza nyingine, au mwalimu wa mwanangu alipopiga simu nyumbani, sikuambulia hata neno moja, kwa sababu masikio yangu yalikuwa yamezoea sauti moja inayosema polepole na kwa usafi.

Siku iliyonipeleka darasani naikumbuka vizuri. Mwanangu wa mwisho alikuwa na miadi ya daktari, na kwenye karatasi paliandikwa saa kwa tarakimu ya 2. Kwetu hiyo ni saa mbili, na saa mbili ni asubuhi, jua likiwa limeshachomoza. Tulifika mapema, mimi na mtoto mwenye homa, tukakaa. Mapokezi walinieleza jambo mara mbili nami nikaitikia kwa kichwa, nikidhani wananiambia nisubiri kidogo. Tuliitwa saa nane mchana. Saa sita nzima mtoto alinilalia mapajani, na hakuna aliyekuwa na kosa. Nilikosa tu sentensi moja ya kuuliza. Wiki iliyofuata nilikwenda kujiandikisha.

Madarasa haya hayalipiwi. Fedha zake hutoka serikali kuu, kupitia sheria ya mafunzo na ajira ya mwaka 2014, pamoja na za jimbo, na kwa hiyo yapo katika kila jimbo la Marekani, ingawa majina ya wanaoyaendesha hutofautiana. Siku ya kujiandikisha nilipewa mtihani wa kupima kiwango uitwao CASAS, wa kusoma na wa kusikiliza, wenye picha za matangazo, ratiba na fomu za kawaida za maisha. Mtihani huu haumfelishi mtu. Unaamua tu akae ngazi gani, na baada ya saa kadhaa za masomo anapimwa tena ili ionekane kama amepanda. Ndugu wengi huuogopa na kuondoka kabla haujaanza. Nawasihi wakae waufanye.

Kilichonifanya nilipende darasa lile ni kwamba mwalimu alifundisha kutokana na vitu tulivyokuja navyo mkobani. Jioni moja alituomba kila mmoja alete karatasi ya mshahara wake, afunike jina na namba, tuisome pamoja. Ndipo nilipojua, baada ya karibu mwaka mzima wa kazi, kwamba kulikuwa na makato ya bima ya meno ambayo sikuwahi kuyatumia, na kwamba saa za ziada huandikwa kwenye mstari wake peke yake. Mwanamume mmoja kutoka Burundi aligundua kuwa saa zake za ziada za wiki moja hazikuandikwa kabisa. Mwalimu alimfundisha sentensi tatu za kumwambia msimamizi kwa adabu, darasa zima tukazirudia pamoja naye mpaka ulimi wake ukazoea, na wiki iliyofuata alirudi akiwa amelipwa. Hakuna simu iliyowahi kunifanyia jambo la namna hiyo.

Mwalimu wa aina hii pia huyajua makosa yanayotokana na lugha zetu. Sisi tunasema “yeye” kwa mwanamume na kwa mwanamke, kwa hiyo katika Kiingereza tunachanganya “he” na “she” bila hata kusikia kwamba tumechanganya. Nilikuwa nikimsimulia mume wangu kama mwanamke, na nesi aliandika maelezo yangu akifikiri nazungumzia mtu mwingine. Kiswahili husomwa kama kilivyoandikwa, nasi tukakutana na “knife” na “Wednesday”, maneno yenye herufi zisizotamkwa. Mwalimu hakutukemea. Aliandika ubaoni herufi zilizonyamaza kwa chaki ya rangi nyingine, nami hadi leo nikiandika “knife” huiona ile k ya rangi ya machungwa.

Kuna somo moja lililonigusa moyo. Mwalimu alikuwa akifundisha tarehe, ambazo Wamarekani huanza na mwezi kabla ya siku, akatuzungukia akiuliza kila mmoja amezaliwa lini. Wa kwanza akasema Januari 1. Wa pili Januari 1. Wa tatu pia. Alipofika kwa wa tano alinyamaza kidogo, akaelewa kwamba wengi wetu tuliandikiwa tarehe hiyo wakati wa usajili wa ukimbizi kwa kukosa vyeti. Alifuta zoezi lile ubaoni, akatufundisha badala yake namna ya kusema kwa Kiingereza kwamba tarehe iliyo kwenye karatasi ndiyo nitakayoitumia kila mahali. Hilo ndilo tulilolihitaji, maana mtu akitaja tarehe moja benki na nyingine hospitali anajitafutia usumbufu mkubwa.

Sasa niseme upungufu, kwa sababu upo na unaumiza. Darasa langu la kwanza lilidhani kwamba kila mtu mzima anajua kusoma lugha yake. Jirani yangu, mama wa Fizi, Kongo, aliyekaribia miaka sitini, aliyefika hapa 2019, niliongozana naye kujiandikisha. Hakuwahi kuingia shule hata siku moja. Aliwekwa ngazi ya chini kabisa, lakini hata huko walimpa karatasi yenye mistari ya kujaza, na kila mtu akainama kuandika. Yeye aliigeuza karatasi yake, akaitazama upande wa pili uliokuwa mweupe, akairudisha. Njiani kwenye basi aliniambia, “Mwanangu, mimi sirudi. Wale wanajifunza Kiingereza, mimi bado sijajifunza penseli.”

Neno lake lilikuwa kweli tupu. Kujifunza lugha ngeni na kujifunza kusoma ni kazi mbili, na anayezibeba zote kwa pamoja anahitaji darasa lake mwenyewe. Ilinichukua karibu mwaka kupata sehemu nyingine iliyokuwa na kipindi cha watu wasiojua kusoma, kinachoanza na kushika penseli, kuandika jina, kutambua namba ya basi na neno “exit” kwenye mlango wa kutokea. Mkono wake uliozoea jembe na mchi uliivunja ncha ya penseli mara nne siku ya kwanza. Mwalimu alimpa penseli nene ya watoto wadogo iliyozungushiwa utepe wa gundi ili isiteleze. Mwezi wa tatu aliandika jina lake lote, herufi zikiwa zimepanda na kushuka, akanionyesha kwenye bahasha ya bili ya umeme. Yeyote anayesifu darasa au tovuti fulani aulizwe kwanza kama inamfaa mtu kama huyu, kwa sababu wako wengi miongoni mwetu, na zaidi ni wanawake ambao vita viliwakuta wakiwa wadogo.

Jambo la pili ni watoto na usafiri. Darasa la jioni lisilo na mahali pa kuacha watoto ni darasa la wanaume na la wasio na watoto, hata kama mlango uko wazi kwa wote. Nilikosa muhula mzima kwa sababu hiyo. Basi za umma za hapa, ziitwazo TARC, hupungua usiku, na majira ya baridi kusubiri kituoni saa tatu usiku si jambo dogo kwa mtu atakayeingia zamu ya alfajiri. Wanaopanga ratiba wangetuuliza, tungewaambia kwamba Jumamosi asubuhi ingetufaa wengi.

Katika muhula ule niliokosa ndipo nilipoitumia vizuri USA Learns, tovuti ya bure iliyoanzishwa mwaka 2008 na ofisi ya elimu ya kaunti ya Sacramento, California, kwa ajili ya watu wazima wahamiaji. Masomo yake yamejengwa kwenye video za watu wazima wenye maisha ya watu wazima, kazi, nyumba na hospitali, na mtu anaweza kuirudia sehemu moja mara kumi bila kuona haya mbele za watu. Kwa mwenye zamu zinazobadilika, hilo lina thamani kubwa. Lakini niliweza kuitumia kwa sababu darasani nilikuwa nimeshafundishwa namna ya kufungua akaunti, kuweka nywila na kubofya mahali panapotakiwa. Mtu aliyefika wiki iliyopita na kupewa tu anwani ya tovuti, huyo hajasaidiwa. Mkae naye saa moja, mumfungulie, mfanye somo la kwanza pamoja.

Klabu ya mazungumzo nayo naipenda kwa sababu nyingine. Katika tawi la Iroquois la maktaba ya umma, watu wa mataifa mengi hukaa mezani na wenyeji wanaojitolea na kuzungumza. Hakuna mtihani wala kiwango. Pale nilikutana na Kiingereza cha Mwiraki, cha Mkuba na cha mzee wa Kentucky anayemeza nusu ya maneno, nami nikaona kwamba nikiwaelewa hao watatu, msimamizi wa kiwandani hanishindi tena. Kwa anayeanza kabisa ni mapema mno, atachoka. Aende baada ya miezi minne au mitano ya darasa.

Kuhusu uraia nitaongeza jambo moja, kwa sababu hapa ndipo nyenzo za zamani zinapoweza kumpotosha mtu. Mimi nilifanya mtihani 2022, wakati maswali ya historia na serikali yalikuwa 100, afisa akiuliza hadi 10 na mtu akihitaji kujibu 6. Aliyepeleka maombi kuanzia Oktoba 20, 2025 anapimwa kwa orodha ya maswali 128, anaulizwa hadi 20 na anatakiwa apate 12. Sehemu ya Kiingereza inataka asome vizuri sentensi moja kati ya tatu, na aandike moja kati ya tatu. Idara ya uhamiaji hutoa bure maswali yote pamoja na orodha za maneno ya kusoma na kuandika, kwa hiyo hakuna sababu ya kununua kitabu. Wazee wenye miaka 50 na makazi ya kudumu ya miaka 20, au wenye miaka 55 na makazi ya miaka 15, hawapimwi Kiingereza na wanaweza kujibu maswali kwa lugha yao kupitia mkalimani. Ila wengi wa wazee wetu walikuja baada ya 2013, na miaka hiyo bado hawajaifikisha.

Jirani yangu ni mmoja wao. Alianzia penseli nene, na atalazimika kuandika sentensi ya Kiingereza mbele ya afisa. Jumanne na Alhamisi nampeleka kwa gari langu, nakaa na wajukuu wake wawili kwenye ukumbi wa nje mpaka atoke. Wiki iliyopita alikuwa amepewa vikadi vya maswali na mtu wa kanisani. Nilivihesabu, vilikuwa 100, nikavirudisha. Vile vya maswali 128 nimemchapishia maktabani kwa herufi kubwa, na juzi usiku alinipigia simu kunisomea cha kwanza, neno moja moja, huku akikifuata kwa kidole.