Tairi la spea likae wapi kwenye pikapu ya porini? Nimejaribu sehemu nne

Ilikuwa Februari, Ndutu, kusini mwa Serengeti, msimu nyumbu wanazaa. Mvua ilikuwa imepiga usiku kucha, na tulikuwa tumebakiza kama kilomita nane kufika kambini na mzigo wa chakula cha wageni. Tulipokuwa tunakwepa tope kando ya kinamasi, tairi la nyuma kulia lilipanda kisiki cha mgunga kilichojificha kwenye majani. Likapasuka ubavuni, na tairi likishapasuka ubavu pancha haizibiki. Nikamwambia utingo apande juu ya mzigo aangalie pande zote, maana vichaka vilikuwa karibu na simba wa pale tunawajua. Mimi nikachukua hendeli, nikalala chali kwenye tope nikaingia chini ya bodi.

Hendeli haikuzunguka. Winchi ndogo inayoshikilia tairi la spea kwa mnyororo ilikuwa imejaa udongo mweusi wa mbuga uliokauka safari iliyopita ukawa kama saruji. Nilikwangua kwa ncha ya panga, nikamwagia maji ya kunywa ya kambi, galoni nzima, nikakwangua tena. Mnyororo ulipoanza kushuka likaja jingine: kwa kuwa tairi lililopasuka lilikuwa la nyuma, gari lilikuwa limelalia kona ile, na nafasi kati ya bampa na ardhi haikutosha kupitisha spea. Kwa hiyo jeki kwanza. Jeki ikazama. Tukatafuta ubao. Ilipofika saa moja na dakika kumi tangu tusimame ndipo tairi lilipotoka, nalo lilikuwa na upepo nusu, kwa sababu lilifungwa valvu ikitazama juu na hakuna aliyeweza kulipima bila kulishusha.

Wakati wote huo nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: yule kijana akiniita, mimi natokaje hapa chini?

Gari halikuwa na kosa, na winchi ile ilitengenezwa vizuri. Mahali pale hapakufaa kwa kazi ninayoifanya. Tangu siku hiyo nimehamisha tairi la spea mara tatu, mikao minne ukihesabu ule wa chini ya bodi, nimelipia kila hatua kwa pesa yangu, na naandika ili mwenzangu mwenye pikapu ya kazi asirudie njia yote hiyo.

Gari lenyewe ni Land Cruiser ya mkonga (lile bomba la kuvuta hewa linalopanda kando ya kioo), pikapu ya kebini moja, bodi bapa yenye mbavu zinazoshuka. Inabeba mahema, mitungi ya gesi, maji na vyakula kutoka Arusha kwenda kambi za muda, Ndutu zaidi, na Ziwa Natron kila inapotokea kazi. Matairi ni 7.50R16 kwenye rimu za chuma. Kabla ya kuanza kuhangaika nililiweka moja kwenye mizani ya magunia: kilo 34. Ishike namba hiyo kichwani. Ni zaidi ya nusu mfuko wa saruji, ila mfuko unaubeba begani, tairi lenye tope unalibeba kwa vidole.

Tuutendee haki mkao wa chini ya bodi. Kwa mtu wa mjini, au anayekwenda Moshi na Babati kwa lami, sioni sababu ya kuuhamisha. Uzito unakaa chini, bodi inabaki yote ya mzigo, gari linatulia kwenye kona. Ukibaki nao, fungeni tairi valvu ikitazama chini ili lipimwe bila kushushwa. Kila mwezi lishushe lote mpaka chini na ulipandishe tena, mnyororo upate grisi. Tia na kufuli, kwa sababu mwizi mwenye hendeli yake anamaliza kazi wakati wewe unakunywa chai. Kwa porini kuna jambo la nne ambalo grisi haiponyi: tairi lile linaning'inia nyuma ya ekseli. Ukishuka korongo na kuanza kupanda ng'ambo, pua ya gari inainuka na mkia unashuka, na kinachokwangua ukingo ni spea. Langu lilikuwa na mkwaruzo unaong'aa kwenye rimu, upande mmoja tu, kwa ajili ya hilo.

Hatua ya pili nikalipandisha juu, kwenye keria ya bomba juu ya kebini. Sitakaa sana hapa. Kuinua kilo 34 kupita kichwa ni kazi ya watu wawili wazima, na kulishusha ni hatari kuliko kulipandisha, kwa sababu ukilikosa linakuja na wewe. Pia uzito wa juu unausikia. Njia ya kwenda Natron ukishaipita Engaruka kuna mahali unavuka makorongo kwa ubavu, gari limelala upande mmoja, na safari hiyo niliisikia kebini ikiegemea zaidi ya nilivyoizoea na mikanda ikilia juu. Nilirudi Arusha nikalishusha siku hiyohiyo. Jua nalo linalikausha tairi mpira ukaanza kuchanika nyufa ndogondogo. Kama huna budi kuweka juu, lifunike kwa turubai na uweke tairi moja tu, kamwe si mawili.

Wazee walioniingiza kwenye kazi hii waliendesha Land Rover 109 zenye spea juu ya boneti. Walizisifu, na kwa hoja ya kulifikia tairi walikuwa na haki, unasimama wima na mikono iko kwenye kiwango cha kiuno. Ila kila ukitaka kupima oili unainua tairi pamoja na boneti, na mbele huoni shimo la karibu. Kwa boneti za magari ya leo, bati lake jepesi, sishauri mtu ajaribu.

Sasa bampa lenye mkono. Hili ndilo watu wengi wananiuliza, kwa sababu linaonekana kwenye magari ya wageni wanaopita na misafara kutoka Afrika Kusini. Bampa la chuma kizito linafungwa kwenye chasisi, na upande mmoja lina mkono unaozunguka kama geti, tairi linakaa kwenye mkono huo. Unafungua komeo, unavuta mkono pembeni, nati tatu, tairi liko chini. Hakuna kulala kwenye tope wala kuinua kupita kifua. Nilipoliona mara ya kwanza nilijua nataka lile.

Nilichongesha kwenye gereji moja Arusha, kwa shilingi milioni moja na laki nane pamoja na rangi. Kwa macho lilikuwa zuri mno. Safari ya Ndutu ya kwanza halikunisumbua. Safari ya tatu ya Natron, barabara imekauka na kupata ile migongo midogomidogo kama bati la paa inayotetemesha gari mpaka meno, nikaanza kusikia mlio wa kugonga nyuma. Nilisimama kijiji cha Ngaresero, mlima Lengai uko mbele yangu, nikashika tairi kwa mikono miwili nikalitikisa. Mkono ulicheza peke yake, gari limetulia. Nikapangusa vumbi la magadi kwenye maungio, na hapo kwenye rangi nyeusi nikaona mstari mwekundu wa kutu, mwembamba kama uzi, umezunguka nusu ya bomba. Ule ulikuwa ufa, na kutu ilionyesha kwamba haukuanza siku ile.

Fundi aliyechonga alikuwa ameweka bomba ndani ya bomba kuwa ndiyo ekseli ya mkono, chuma kwa chuma, grisi kidogo. Kwenye lami ingedumu. Kwenye mtetemo wa kilomita nyingi chuma kilikulana, nafasi ikapatikana, tairi likaanza kurukaruka, na kila kuruka ni nyundo kwenye maungio. Nilipolirudisha aliniambia nimeendesha vibaya. Iliniuma, kwa sababu kabla hajakata chuma nilimweleza barabara nitakazopita, moja baada ya nyingine.

Nikalipeleka kwa fundi mwingine anayetengeneza trela. Yeye hakugusa rangi kwanza, aliuliza uzito wa tairi na urefu wa mkono. Akakata maungio yote, akaweka shina la chuma kizima lenye beringi mbili za kitovu cha trela, juu na chini, na nati ya kukaza zikilegea. Upande wa komeo akaweka raba nene ambayo mkono unaikandamiza ukifungwa, usiwe na pa kucheza. Akaongeza pini ya kuushikilia mkono ukiwa wazi. Hiyo pini usiidharau: gari likiwa limelalia upande, mkono wenye kilo 34 unarudi wenyewe na kichwa chako kiko njiani. Tangu hapo bampa halijanipa shida. Mkiwa mnanunua, msitazame rangi. Uliza ndani kuna beringi au bomba, kisha shika tairi ulitikise: gari zima likiyumba pamoja na tairi, mkono umekaza. Tairi likiyumba peke yake, ondoka.

Bado bampa lina gharama zake. Uzito wake wote, chuma na tairi, unakaa nyuma kabisa ya ekseli, na kila kilo huko inafanya kama mtu aliyekaa kwenye ncha ya ubao: inashusha mkia na kuinua usukani. Mzigo ukiwa mkubwa niliusikia usukani mwepesi kwenye mchanga, na ilibidi niongeze jani moja kwenye springi za nyuma. Halafu tairi liliziba namba ya gari na taa moja. Trafiki alinisimamisha Makuyuni, na alikuwa na haki. Namba na taa zikahamishwa zionekane.

Hatua ya nne ndiyo niliyobaki nayo, na ndiyo rahisi kuliko zote. Tairi la spea la kwanza sasa limesimama wima ndani ya bodi, nyuma tu ya kebini, upande wa kushoto. Fundi wa trela alinichomelea kiti cha chuma chenye umbo la nusu mwezi ambamo tairi linakaa, na bolti moja ndefu inayopita katikati ya rimu kwenda kwenye fremu ya mbele ya bodi, na nati kubwa yenye masikio ya kushika. Nashusha ubavu wa bodi, nafungua nati kwa mkono, tairi linajiviringisha kuja ukingoni. Kutoka ukingoni hadi chini ni kuliegemeza pajani na kuliachia taratibu. Uzito uko kati ya ekseli mbili, usukani haujui kama kuna kitu. Hakuna kinachokwangua korongo. Tope halilifikii, mwizi lazima apande bodi, na valvu iko usoni kwangu kila asubuhi ninapokagua gari.

Kushoto nilichagua makusudi. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukisimama kando ya lami mgongo wako unakuwa upande wa majani, na malori ya mchanga yanapita upande wa pili wa gari.

Gharama yake ni nafasi: kama upana wa kreti moja ya soda umepotea kwenye bodi. Na lazima uwe mkali kwenye upakiaji. Utingo wangu anajua kwamba mbele ya ubavu ule hakiwekwi kitu ila mablanketi na magodoro, vitu vinavyoshuka kwa mkono mmoja. Siku moja tulikuta mtu wa stoo ameegemeza mitungi mitatu ya gesi pale, tukaishusha yote kabla ya kuondoka, na tulikuwa tumeshachelewa.

Bampa sijalitupa. Natron na safari ndefu za kupitia Loliondo nabeba spea mbili, ya pili iko kwenye mkono. Mawe meusi ya volkano yale yanakata matairi mawili kwa siku, yamenikuta. Ndutu naenda na moja nyuma ya kebini, na mkono unabaki Arusha, kwa sababu yule fundi aliufanya unachomoka kwa nati ya juu.

Neno moja kuhusu tairi lenyewe. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwishoni mwa mfululizo wake tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Angalia za spea yako leo, kwa sababu spea inazeeka bila kutembea, na nimeona madereva wanafunga tairi lenye kashata (meno ya kukanyagia) nzima ambalo mpira wake umeshakufa. Mimi spea naiingiza kwenye mzunguko na mengine manne, kila nikibadilisha nafasi za matairi.

Kama una pikapu ya bodi bapa na pesa ya kitu kimoja, anza na kile kiti nyuma ya kebini. Mimi kilinigharimu laki moja na themanini, sehemu moja ya kumi ya bampa. Bampa lifuate baadaye, kama njia zako zinadai spea ya pili.

Mwezi uliopita tulipata pancha Selela, mwiba wa mgunga umeingia wote, saa nane mchana, jua kali. Utingo alishusha ubavu wa bodi wakati mimi naweka jeki kwenye ubao. Kutoka kusimama hadi kukaza nati ya mwisho tulitumia dakika kumi na nane, nguo zetu safi. Tulipofika Engaruka tukasimama tena, nikachukua wili spana, nikazirudia nati zote.