Mikono sita, vishikio vya aina moja: nimeiangusha Baron mara nne hapa Dodoma

Mbukwenyi! Karibuni tena. Kama mnasikia mwangwi mnivumilie, nimehamia chumba kingine huku Ilazo na sijaweka pazia. Kuna mtu ataandika "dada weka pazia". Nimekusikia, kaka. Pazia ni hela, na hela imeishia kwenye hiki hapa.

Ngoja nikigeuze mkione. Boksi la mikono sita, yaani vijiti vya kusukuma na kuvuta, la kurushia ndege kwenye kompyuta. Mimi nalirushia Baron, ndege ndogo ya injini mbili. Nembo nimeibandika plasta kwa sababu mimi na aliyeniuzia bado tunaandikiana, na tukielewana sitaki ionekane nilimchafua. Urefu wa waya, uzito, tundu la USB, hayo yote yameandikwa kwenye boksi, siyasomi. Linachomekwa, taa inawaka, kompyuta inalitambua. Tumemaliza.

Ninalotaka kuwaonyesha ni hivi vishikio. Sogeeni. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Vyote vyeusi, vyote mviringo, vyote saizi ya ndimu changa. Sasa nafumba macho, hivi, naweka mkono... huu ni upi? Sijui! Nimekaa na kitu hiki wiki mbili na bado sijui. Nafumbua macho. Mkono wa nne. Mimi nilidhani ni wa tatu.

Mtaniambia si utazame tu? Subirini.

Kwenye ndege yenyewe yenye injini mbili za pistoni, mikono hii iko jozi tatu. Miwili myeusi ni ya nguvu. Miwili ya bluu ni ya propela. Miwili myekundu ni ya mchanganyiko wa mafuta na hewa. Na si rangi peke yake, hata umbo la kishikio linatofautiana, ili kiganja kijue kimeshika nini wakati macho yana kazi nyingine. Hilo halikutokea hivihivi. Mwaka 1943 jeshi la Marekani lilikuwa na tatizo la marubani wa B-17, ndege ya kurusha mabomu: ndege imeshatua salama, iko barabarani inakimbia, rubani anataka kukunja mapanua ya mabawa (flaps, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), badala yake anakunja magurudumu. Ndege inakaa kwa tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akatazama vile vishikio viwili, akakuta vimekaa pamoja na vinafanana. Akapendekeza cha magurudumu kifungwe kitu cha mpira chenye umbo la gurudumu, cha mapanua kiwe kama kabari. Mpaka leo mkiingia kwenye ndege ndogo yenye magurudumu ya kukunja mtakuta kigurudumu kile. Wazo la mwaka 1943, na boksi langu la juzi halina!

Na msidhani somo lilieleweka siku hiyohiyo. Beechcraft Baron za zamani, hii hii ninayoirusha leo, swichi ya magurudumu ilikuwa kulia na ya mapanua kushoto, kinyume na ndege nyingi za wenzao. Mikono ya nguvu nayo ilikaa katikati na ya propela kushoto kwake. Rubani aliyezoea ndege nyingine akipanda Baron, mkono wake unaenda ulikozoea. Mwaka 1980 wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walitoa taarifa nzima kuhusu magurudumu yanayokunjwa kwa makosa kwenye Baron na Bonanza. Mpangilio ukabadilishwa mwaka 1984. Miaka minne baadaye, jamani.

Haya, turuke. Kioo kinaonekana? Tuko uwanja wetu wa Dodoma, katikati ya mji, si Msalato. Mwezi wa kumi, saa nane mchana, joto nyuzi 31. Uwanja uko futi 3,673 juu ya usawa wa bahari, lakini kwa joto hili hewa imekuwa nyembamba mno, injini na mabawa vinajisikia kama viko futi 6,400 hivi. Shikeni namba hiyo, tutairudia. Ndege imejaa mpaka uzito wa mwisho unaoruhusiwa.

Nguvu mbele. Tunakimbia... tumenyanyuka. Magurudumu juu. Na sasa kompyuta inaiua injini ya kushoto.

Mmeona pua ilivyovutwa kushoto? Injini ya kulia bado inasukuma, ya kushoto imekuwa mzigo. Nakanyaga pedali ya kulia kwa nguvu zote, kuirudisha pua. Marubani wana kanuni hapa: mguu usio na kazi ndio upande wa injini iliyokufa. Mguu wangu wa kushoto umelegea, kwa hiyo ni kushoto. Sasa natakiwa kuvuta mkono wa propela ya kushoto mpaka nyuma kabisa, mapanga yasimame kwa ukingo. Kwa nini? Toa mkono dirishani kwenye basi la Singida. Ukiweka kiganja bapa, upepo unaurudisha nyuma. Ukiugeuza kwa ukingo, unapita laini. Propela iliyokufa lakini bado inazunguka ni kiganja bapa.

Navuta... na... nimevuta ya kulia. Ona! Injini nzima niliyobaki nayo nimeinyima propela mimi mwenyewe. Sasa sina kushoto, sina kulia, nina vilima vya upande wa UDOM vinanisogelea. Bum.

Hiyo ni mara ya nne. Mara ya pili nilivuta mchanganyiko wa injini nzima nikaizima kabisa. Kabla hamjacheka: marubani wa kweli, wenye saa nyingi angani, wamefanya hivi. Tarehe 4 Februari 2015, ATR 72 ya TransAsia ilipoteza injini moja muda mfupi baada ya kuruka Taipei. Rubani akazima ile nzima. Watu 43 walikufa. Hiyo ni ndege kubwa kuliko Baron, ina marubani wawili na vishikio vya heshima. Sasa mimi na ndimu zangu sita.

Ndiyo maana sitaki kusikia "si utazame tu". Macho yako kwenye saa ya mwendo. Baron 58 ina mstari mwekundu kwenye noti 84 na wa bluu kwenye noti 101 (noti si ya hela, ni maili ya baharini kwa saa). Bluu ndiyo mwendo unaokupa kupanda vizuri kuliko mwingine wowote ukiwa na injini moja. Ukishuka ukafika kwenye mwekundu, pedali haitoshi tena kuishika pua, bawa la upande uliokufa linaanguka, ndege inalala chali. Karibu na ardhi hakuna nafasi ya kuigeuza. Kati ya 84 na 101 ni noti 17 tu, na rubani anayelazimisha pua juu kwa sababu anaona nyumba mbele yake anazimaliza haraka sana.

Sasa kaka aliyeandika kwenye video iliyopita, "injini mbili ni salama, moja ikifa unarudi na nyingine." Kaka, nakupenda, lakini sikiliza. Baron ina injini mbili, kila moja nguvu farasi 300. Chukulia ni mshahara. Baba analeta laki tatu, mama analeta laki tatu, jumla laki sita. Kodi, chakula na ada za watoto vinakula laki mbili na nusu. Inayobaki, laki tatu na nusu, ndiyo ya kujengea kiwanja cha Nzuguni. Kupanda kwa ndege ndiyo hiyo hela ya kujengea. Baba akiachishwa kazi, mshahara umepungua nusu, sawa. Lakini hela ya kujenga? Imebaki elfu hamsini! Ndivyo ilivyo: injini moja ikifa unapoteza nusu ya nguvu, lakini unapoteza zaidi ya robo tatu ya uwezo wa kupanda. Na ile propela usipoigeuza, ni baba asiye na kazi anayeendelea kukopa dukani kwa jina lako.

Rudini kwenye namba yetu. Baron iliyojaa, ikiwa na injini moja, kikomo chake cha kupanda ni futi 7,000 na ushee. Kikomo maana yake hapo inapanda futi 50 tu kwa dakika. Na Dodoma saa nane mchana hewa inajifanya futi 6,400. Mmeiona hesabu? Sheria za Marekani zenyewe hazikuzilazimisha ndege ndogo za aina hii, zilizo chini ya ratili 6,000 na zinazotua polepole, zionyeshe kwamba zinaweza kupanda kwa injini moja. Hazikulazimisha! Watu wananunua injini ya pili wakidhani ni tairi la spea.

Watengenezaji walihangaika. Cessna walitoa Skymaster, injini moja puani na nyingine nyuma ya chumba cha abiria, ili moja ikifa pua isivutwe pembeni. Wazo zuri kweli. Kumbe injini ya nyuma rubani haioni. Ikizimika ndege ikiwa chini, wengine walianza kukimbia barabarani bila kujua, mpaka ikabidi yawekwe maandishi ya kukataza kuruka na injini moja. Piper nao, Twin Comanche yao ilikuwa inaua watu kwenye mafunzo: mwalimu anapunguza mwendo, anazima injini kwa makusudi ili mwanafunzi aone, ndege inapinduka na wote wawili. Mwaka 1970 wakatoa yenye propela zinazozunguka kinyume, kusiwe na injini ambayo kufa kwake ni kubaya kuliko ya mwenzake.

Uzito je? Aaliyah, mwimbaji wa Marekani, wale wa rika langu mnamkumbuka, tarehe 25 Agosti 2001, Bahamas. Cessna 402, injini mbili, watu tisa na mizigo. Wachunguzi walikuta ilizidi uzito unaoruhusiwa na mzigo ulikaa nyuma mno. Wote tisa walikufa.

Na tazama wanaopeleka watalii Serengeti na Zanzibar: ndege za Cessna Caravan kibao. Injini moja, lakini ya jeti inayozungusha propela, na ikizimika rubani hana la kuchagua, anashusha pua anatafuta pa kutua. Hakuna wa kumvuta pembeni. Sisemi ni bora, nasema kaka wa injini mbili apunguze kelele.

Bei: nimelipa laki tatu na elfu themanini pamoja na kulisafirisha kutoka Dar. Kwa hela hiyo kuna boksi jingine lenye vishikio vya rangi, mikono minne tu. Kwa Baron haitoshi. Kwa hiyo ningelipa tena? Asubuhi ningesema hapana. Sasa... tazameni.

Hivi ni vizibo vya chupa za mvinyo, wa hapahapa Dodoma, mjomba ananiwekea. Nimevichonga kwa kisu pande nne, nimetoboa katikati kwa msumari wa moto, nimevipaka rangi yangu ya kucha ya bluu. Vinakaa kwenye propela. Kwenye mchanganyiko nimekata kandambili nyekundu nikachonga meno pembeni. Myeusi nimeiacha. Gundi ilikauka usiku mmoja. Nafumba macho... kizibo, kizibo. Meno. Ndimu. Ee!

Turuke mara ya tano. Joto lilelile, lakini nimeshusha watu wawili na masanduku yao, samahanini abiria. Injini ya kushoto... imekufa. Mguu wa kulia. Noti 104, 102, pua chini kidogo. Kizibo cha kushoto, navuta. Mapanga yamesimama. Naiinamisha kidogo upande wa injini nzima. 101... 101... inapanda. Polepole kama mzee anapanda ngazi, ila inapanda. Paa za mabati zinapita chini, sijagusa hata moja.

Mama ananiita mlenda umeiva. Wiki ijayo ni pedali, na pazia kama mtajisajili. Ngoja kwanza niitue hii.