Karatasi za kupimia asidi: sabuni sawa, achari zikanitoa jasho

Napika achari hapa Langoni, Lamu, nauza kwa chupa. Mwenye duka mmoja wa Nairobi alitaka kuchukua mzigo, akaniuliza kwa simu, "Dada, asidi yake ni ngapi?" Miaka yote mimi napima kwa ulimi. Basi nikaagiza karatasi za pH kutoka duka moja la Mombasa: kijitabu cha vipande 80, kipimo cha 1 hadi 14 (namba ikishuka chini ya 7, asidi inazidi; ikipanda juu yake, ni upande wa sabuni), shilingi 350 bila nauli. Zikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha boti.

Kutumia si kazi. Unachovya, unatoa, unalinganisha rangi na chati ya jaladani papo hapo, maana ukichelewa rangi inahama. Ndimu ikatoa 2, siki na ukwaju 3. Soda ya kuokea 8, sabuni ya mche 10. Chokaa ya tambuu ikapiga zambarau nzito, 12 au 13, na ndiyo tunayoitia mdomoni kila jioni! Mpaka hapo nilikuwa radhi na pesa yangu.

Kisha nikachovya achari ya embe. Karatasi ikatoka na rangi ya biriani. Chati haina rangi ya biriani.

Kosa ni la manjano, kile kiungo ninachotia kwenye achari, na manjano nayo ina ujanja wake. Nani hapa hajaona doa la mchuzi kwenye kanzu ya Idi likigeuka jekundu mara tu linapoguswa na sabuni? Watu hudhani kanzu imeharibika. Ni manjano tu imekutana na besi, yaani kinyume cha asidi. Kamulia ndimu, wekundu unaondoka. Ila manjano huzindukia upande wa sabuni peke yake. Upande wa ndimu na siki haibadiliki, kwa hiyo kwenye achari hainisaidii kitu, kazi yake ni kunichafulia karatasi. Kitunguu chekundu angalau huiva waridi kwenye kachumbari ukikitia ndimu, lakini hakikupi namba.

Nilichofanya: kila nikipika, natenga kikopo kidogo chenye kila kitu isipokuwa manjano. Nakiacha siku kadhaa siki iingie ndani ya vipande, nasaga vyote pamoja, ndipo napima. Ya embe ikasoma kati ya 3 na 4, ya ndimu chini zaidi. Nikashukuru.

Ya karoti na pilipili ndiyo iliyonikwamisha. Karoti haina ukali wake wenyewe, inategemea siki uliyoitia, na karatasi ikasoma kati ya 4 na 5. Sasa mpaka wa usalama wa achari ya chupa ni 4.6, ukipanda juu ya hapo, ndani ya chupa iliyofungwa kuna kijidudu cha botulizimu kinachoweza kuota na kutoa sumu bila hata harufu kubadilika. Na hatua moja ya kipimo hiki si ndogo kama inavyoonekana: 4 ina ukali mara kumi ya 5. Aliyekibuni kipimo hiki ni mkemia Sørensen, mwaka 1909, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Denmark. (Mama mkwe sijamwambia.) Karatasi inayoruka namba nzima nzima haiwezi kunihukumia 4.6. Ya karoti nimeiondoa sokoni mpaka nipate zile za kipimo chembamba, za 3 hadi 6 hivi.

Lawama nyingine ni kwa muuzaji. Kijitabu kilikuja ndani ya bahasha ya karatasi, wazi, na hewa yetu ya chumvi mnaijua. Wiki mbili tu kingo zimeanza kubadilika. Kilichobaki nimekitia kwenye chupa kavu yenye mfuniko, na mchele mkavu chini.

Kwa sabuni na kwa kufundishia watoto, nunueni. Kwa achari yenye manjano, msinunue hizi. Vipande vilivyobaki amevishika mwanangu, anapima kila kinachomwagika nyumbani. Jana kapima mate ya bibi yake baada ya tambuu, karatasi ikatoka nyekundu, na mpaka sasa wanabishana kama ile ni asidi au ni popoo.