Mashine ya kujazia risasi za rivolva za nakala: ipi ununue kwanza

Kama una rivolva ya nakala, zile za Italia za Uberti au Pietta zinazoiga Colt Single Action Army ya 1873, ushaona jinsi risasi za .45 Colt za dukani zilivyo ghali na saa nyingine hazipatikani kabisa, ndo maana watu wengi wanaishia kujaza wenyewe maganda yaliyokwishapigwa, pale sheria ya nchi yao inaporuhusu. Ukianza kuulizia mashine kila mtu atakwambia chukua ya haraka. Mi nasema hapana, kwa silaha hizi mashine nzuri ni ile inayokulazimisha uangalie baruti ndani ya kila ganda kabla hujaweka kichwa cha risasi, na hicho ndo kigezo nilichotumia kupanga hapa.

Kama yako ni ile ya fataki, mfano nakala ya Colt Navy ya 1851 au Remington ya 1858, mashine hizi hazikuhusu. Hiyo unajazia moja kwa moja kwenye silinda kwa baruti nyeusi au Pyrodex, mbadala wake, na baruti isiyo na moshi, yaani ya kisasa, haingii humo hata chembe.

Sasa kwanini nang'ang'ania kuangalia. Ganda la .45 Colt limetokea enzi za baruti nyeusi, lilikuwa linabeba greni 40 hivi na linajaa vizuri. Baruti ya kisasa unaweka greni chache tu, inalala chini kabisa ya ganda, kwa hiyo ukiweka mara mbili bahati mbaya bado haimwagiki, kwa haraka haraka ganda linaonekana sawa tu, na ukija kufyatua silinda inaweza kupasuka mkononi. Halafu nakala hazina chuma cha kubeba mzigo mkubwa: kiwango cha juu cha presha ya .45 Colt kwa SAAMI, hao ndo wanaopanga viwango vya risasi Marekani, ni psi (pauni kwa inchi ya mraba) 14,000, wakati .44 Magnum inaenda mpaka 36,000. Vitabu vingi vya kujazia vina sehemu mbili za .45 Colt, ya kawaida na ya rivolva nzito kama Ruger Blackhawk, hiyo ya pili usiiguse.

Namba 1: mashine ya hatua moja, kama RCBS Rock Chucker. Mpini mmoja, kalibu (kile kifaa cha kubana na kuunda ganda) moja kwa wakati. Unabana maganda yote, unabadilisha kalibu, unapanua midomo yote, hivo hivo mpaka mwisho. Raha yake ni kwamba ukishatia baruti, maganda 50 yanakuwa yamesimama kwenye ubao wa mashimo, unamulika tochi kutoka juu na unaona usawa wa baruti kwenye yote kwa mkupuo, lililozidi au lililo tupu linajionyesha lenyewe. Ni ya polepole, kweli, lakini ni chuma kizito kinachodumu miaka mingi sana, hata used nunua bila wasiwasi, cheki tu kama ile nguzo inayopanda na kushuka haichezi na fremu haina ufa.

Namba 2: tareti, kama Lee Classic Turret. Kalibu zote zinakaa kwenye kichwa kimoja kinachozunguka, huna haja ya kufungua fungua. Inafaa kama unapiga sana. Ila hapa ubao wa mashimo haupo, kwa hiyo funga taa ndogo inayomulika ndani ya ganda na ujizoeze kuchungulia kila moja, bila hiyo taa naishusha namba.

Namba 3: ya mkononi, Lee Hand Press. Kwa asiye na meza ya kufungia mashine. Kubana maganda kunachosha mikono lakini inatumia kalibu zile zile za kawaida za uzi wa 7/8-14, ukija kununua mashine kubwa unahama nazo.

Namba 4: zile za kutoa risasi nzima kila ukivuta mpini, Dillon RL 550 na wenzake. Ni mashine nzuri sana na wanaoshindana kwenye mashindano ya kikauboi wanazihitaji, ila 550 ile sahani inayoshika maganda unaizungusha mwenyewe kwa mkono, mtu akikuita katikati ukasahau kuzungusha umeshatia baruti mara mbili. Isiwe ya kwanza kwako. Na Square Deal B ina kalibu zake peke yake, za kawaida haziingii.

Mwisho kabisa ni kile kiseti cha kugonga na nyundo. Bei rahisi, lakini unagonga praima, kile kiwashio cha kwenye kitako cha ganda, kwa nyundo, na saa nyingine zinalipuka. Acha.

Kwenye kalibu chukua za kabaidi, ile kitu ngumu sana na laini juu, hazihitaji mafuta kwenye ganda. Za .45 Colt na .38 Special zipo kibao. .44-40 ina shingo iliyobanwa kwa hiyo mafuta lazima, na mdomo wake ni mwembamba, ganda likipanda limepinda kidogo tu likagusa ukingo wa kalibu linajikunja hapo hapo, kwa mtu anayeanza ni kuharibu maganda bure. Hakikisha pia seti inakunja mdomo kwa ndani uingie kwenye mfereji wa risasi, maana mtikisiko wa kufyatua unavuta vichwa vya risasi zilizobaki vinatoka mbele, na silinda inakwama.

Hela ikibaki, na hata isipobaki, mizani. Ile ya wenzo yenye uzani wa kusogeza haiishiwi betri wala haiyumbi namba kama za bei chee za digitali, nunua na uzani wa kuipimia ili kila ukikaa kujaza uithibitishe kwanza.